Mama Kinyume na Sinema ya Dakika Nane

Kabla sijasema lolote, yule kuku alikuwa mweupe. Kuruthumu akiifikia karatasi hii atabisha, maana siku hizi anasoma kuliko mimi, kwa hiyo nataka neno hilo liwe limekwisha kuketi hapa juu kabla yake. Mweupe. Sasa tuendelee.

Kuruthumu binti Sadalla alikuwa akikaa chumba cha pili ukiingia nyumba yetu ya Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Mimi nilikuwa cha tatu. Ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba, hata yeye akikohoa mimi ndiye niliyekunywa dawa. Yeye ni Mndengereko wa bondeni Rufiji, mtu wa swala tano, haruki hata moja. Mimi Hyasinta ni Mngoni wa Peramiho, niliyebatizwa huku nikimng'ata padri kidole. Kwa makabila yetu sisi ni watani, na utani wa wakati ule haukuwa wa kurushiana maneno halafu basi. Mtani akifiwa unakwenda kumliza na kumchekesha kwa zamu. Una ruhusa ya kukamata kitu chake chochote na kukishikilia mpaka kikombolewe, na hakuna mtu, awe shehe awe askari, mwenye ruhusa ya kukukasirikia.

Msibani ndiko tulikojuana vizuri. Mumewe Bushiri alikuwa mbeba mizigo bandarini, mtu wa kifua kama kabati la nguo, akaondoka kwa homa ya siku nne. Wanawake wamejaa uani, Kuruthumu amekaa katikati yao kama jiwe, hali, halii, hasemi. Nikachukua gunia la mkaa, nikalitwika begani, nikaingia kwa mwendo wa Bushiri, ule wa kuburuta mguu wa kulia, nikasema kwa sauti yake nzito: "Kuruthumu! Wali uko wapi? Meli haisubiri!" Wanawake wakageuza vichwa. Halafu Kuruthumu akacheka. Akacheka mpaka kile kicheko kikageuka, ndipo akalia kilio chake chote kilichokuwa kimemkwama. Nami nikaenda kukaa juu ya mfuniko wa sufuria ya wali. Nikatangaza kwamba chakula cha msiba kimekamatwa. Wakati huo nilikuwa na mwili, nikikaa juu ya kitu kinakuwa kimekaliwa kweli. Mzee Nassibu, balozi wetu wa nyumba kumi, ndiye aliyenikomboa kwa kilo ya sukari, na wali ukapakuliwa ukiwa umeshika ukoko wa unene wa matofali.

Baada ya eda Kuruthumu alirudi kwenye kazi aliyoijua, kusuka mikeka. Ukindu alikuwa akiagiza kwa watu wa malori, anauanika, anauchemsha na rangi kwenye debe, kisha anakaa kwenye baraza ya mbele kutoka asubuhi, anasuka ukili, ule mkanda mrefu ambao baadaye hushonwa ukazunguka ukawa mkeka. Sasa hapo ndipo jina lake lilipotoka. Watu wote duniani wakisuka ukili, milia yake inalalia kulia. Wa Kuruthumu ulilalia kushoto. Mama yake alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na mtoto alijifunza kwa kukaa ubavuni mwa mama yake na kuangalia, basi mikono ikakubali hivyo hivyo. Ule ukili nimeuona kwa mtu mmoja tu katika maisha yangu, na mimi nimeishi sana.

Kariakoo hawakumwacha. Walimwita Mama Kinyume. Mnunuzi anageuza mkeka juu, chini, anaugeuza tena, anasema: "Mama, huu mkeka wako unarudi ulikotoka." Mwingine anauliza kama akiulalia ataota ndoto za jana.  Kuruthumu alikunja mkeka wake akasubiri mwingine. Lakini nikwambie, mtu akifa katika zile nyumba kumi, mkeka wa kumbebea haukutafutwa sokoni. Walikuja kwake, wale wale, na aliutoa bure, kwa kila nyumba, ya Mwislamu na ya Mkristo, maana mkeka wa Kuruthumu ulikuwa hautatuki. Nimeuona ukimbeba marehemu aliyekuwa na uzito wa ng'ombe wawili. Sawa, ng'ombe mmoja na ndama wake.

Huyo ndiye Kuruthumu mliyemwona barazani. Mimi nilikuwa na mwingine, wa ukutani.

Mwaka wa sitini na nane mto Rufiji ulivimba ukala mashamba, na watu wa bondeni wakahamishwa kwenda kuanzisha vijiji vya ujamaa huko juu kwenye mchanga. Mama yake Kuruthumu alikuwa huko, pamoja na mdogo wake wa kiume, Shomari. Wakati watu wanapanda kwenye malori, nani alikumbuka kuandika ni lori gani limeshusha nani wapi? Shomari alikuwa na anwani moja tu ya dada yake, ya kazini kwa Bushiri, na Bushiri akafa. Sisi tulikuwa na anwani moja tu ya kijiji, na kijiji kilikuwa kimebaki na vyura.

Tulipoanza kisomo cha watu wazima, barua ya kwanza niliyoandika maishani mwangu niliiandika kwa ajili yake. Ilinichukua Jumapili tatu. Ikarudi baada ya miezi saba, imegongwa mihuri mpaka haina pa kuandika, imechakaa kuliko mimi. Nasikia ilifika mpaka Sumbawanga, ikaangalia ziwa, ndipo ikarudi.

Basi kila baada ya swala, kupitia ule ukuta, nilikuwa nikimsikia anaomba dua. Anaanza na baba yake, Mungu amrehemu. Anakuja kwa Bushiri, Mungu amrehemu. Halafu anafika kwa mama yake, anakwama. Kimya. Kama redio iliyoishiwa betri. Siku moja nikamuuliza, "Mtani, mbona ukifika kwa mama yako unameza ulimi?"

Akasema, "Sijui nimwombee nini, Hyasinta. Nikimwombea umri mrefu na kumbe amekwisha kuzikwa, nitakuwa namchezea. Nikimwombea rehema na kumbe yuko hai, nitakuwa nimemzika mwenyewe kwa kinywa changu."



Miaka sita ilipita hivyo. Ukafika mwaka wa sabini na nne, mafundi wako juu ya lile soko jipya wanamalizia, vumbi la saruji linatuingia mpaka kwenye chai, na mkate unapanga foleni kabla ya alfajiri. Asubuhi moja Mzee Nassibu akaja barazani kwetu na shati lake la mikutano. Huyu mzee alikuwa balozi kwa cheo na muuza kuku kwa kazi, na mambo yote mawili aliyafanya kwa sauti ile ile.

"Kuruthumu! Umechaguliwa! Serikali inataka kukupiga sinema!"

"Mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya. Unafanya! Wanatengeneza sinema fupi fupi za wananchi wanaojitegemea. Mvuvi mmoja, mhunzi mmoja, na msuka mikeka mmoja. Gari la sinema litazionyesha nchi nzima, kijiji kwa kijiji."

Kuruthumu alikuwa anasuka. Mikono ikasimama. Mimi nilikuwa napepeta mchele, na ungo wangu ukasimama vilevile. Tukaangaliana.

"Kijiji kwa kijiji?" akauliza, polepole. "Na Rufiji?"

"Rufiji, Kilwa, mpaka gari likwame." Mzee Nassibu hakuwa mjinga, akamwinamia. "Lakini sikiliza, binti Sadalla. Hii ni kazi ya taifa. Usianze kutuma salamu za watu wa kwenu. Sinema ya serikali si posta."

"Sijasema kitu, mzee."

"Ndiyo maana nakukataza mapema."

Alipoondoka tu, Kuruthumu akanishika mkono. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Akikaa mbele ya hiyo mashine atasema: Shomari, mimi nipo, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, kama mama yu hai njoo uniambie, kama hayupo njoo uniambie. Alifanya mazoezi siku nne. Niliyasikia ukutani mpaka nami nikayashika kwa moyo, na nikawa nayaota kwa Kingoni.

Walikuja Jumatano, vijana wawili na Landrova. Mkubwa wao, Elisaria, mtu wa Machame, alivaa suti ya Kaunda yenye pasi hata sisimizi angekatwa nayo. Mpiga picha aliitwa Pius, mrefu, mpole, wa Mahenge. Kamera ilikuwa na ukubwa wa mbuzi mwenye mimba na miguu mitatu.

"Shikamoo mama. Shikamooni."

"Marahaba, wanangu. Hicho kidude kinauma?"

"Hakiumi, mama," Pius akacheka. "Kinaangalia tu."

"Na kinasikia?" Kuruthumu akauliza.

"Hapana mama. Hiki hakina masikio. Sauti ataiweka mtangazaji baadaye, studio. Utaona midomo inacheza, utamsikia yeye."

Nilimwona Kuruthumu anavyomeza mate. Siku nne za mazoezi zilishuka nayo.

"Lakini sura yangu itaonekana?"

Elisaria ndiye aliyejibu, huku anapima jua kwa kidole. "Kidogo sana, mama, kwa mbali. Filamu ni ya dakika nane. Tunachotaka ni mikono. Mikono ya mama yeyote. Tunataka kila kijiji kikiangalia kiseme, huyu ni mama yetu."

"Kila kijiji kina mama," nikasema mimi. "Huyu ana wa kwake."

"Nani huyu?" Elisaria akamuuliza balozi.

"Jirani," akasema Mzee Nassibu. "Usimjibu. Ukimjibu amekushinda."

Kuruthumu alikaa kitako, akavuta ukili wake. Nami nikajua anawaza nini, kwa sababu nilikuwa nawaza hilo hilo. Sauti imekwenda. Sura imekwenda. Imebaki mikono. Lakini mikono hiyo inatosha! Ule ukili unaolalia kushoto nani mwingine ataujua, kama si yule aliyekaa utotoni karibu nao akiuona unatoka mkononi mwa mama yake? Shomari akiuona, hata kwa kona ya jicho, hata akiwa amesinzia, ataruka.

Pius akainama kwenye kamera, akafunga jicho moja. Akainuka. "Bosi, njoo uone. Mbona kama umegeuka?"

Elisaria akaangalia kwenye kamera, akaangalia mikono, akaangalia tena kwenye kamera. "Mama, unasuka hivi siku zote?"

"Tangu nimezaliwa."

"Hapana. Hii haiwezi." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mwalimu. "Filamu hii inakwenda kufundisha vikundi vya ushirika vijijini. Wakijifunza kinyume tutakuwa tumepoteza nchi. Na wazee wakiona mama anatanguliza mkono wa kushoto watazima jenereta. Pius, lete ule tulionunua sokoni."

Pius akaleta kutoka garini ukili mwingine, umesukwa na msukaji wa kawaida, umenyooka, unalalia kulia, mzuri, sina la kuusema. Elisaria akamwekea Kuruthumu mapajani. "Shika huu, mama. Hata usipouendeleza sana. Chezesha vidole tu, hatutakaa muda mrefu. Tuna mkanda wa kutosha mara moja tu na jua linatuponyoka."

Kuruthumu akaushika. Ulimkaa mikononi kama mtoto wa mtu. Hakubisha. Angesema nini? Kwamba anaiba dakika nane za taifa kutuma barua? Mzee Nassibu alikuwa amesimama pale pale, ameshika kiuno. Kuruthumu aliinua macho akaniangalia mimi, na macho yale niliyafahamu, ni yale yale ya siku ile ya msiba, kabla sijaingia na gunia.

Nikaweka ungo wangu chini. Nikafunga kanga vizuri. Nikamwendea.

"Mtani."

"Naam, mtani."

"Huo ukili uko mikononi mwako?"

"Uko mikononi mwangu."

"Basi umekamatwa."

Nikaunyakua, nikaukunja mara mbili, nikauweka barazani, nikaukalia.

Elisaria hakuelewa kwanza. Alinyoosha mkono kama mtu anayeomba chumvi. "Mama, tafadhali, tupe huo ukili."

"Sikupi wewe. Mimi na wewe hatuna utani. Nimekamata mali ya Mndengereko, na Mndengereko ndiye wa kuikomboa."

"Si mali yake! Ni ya ofisi!"

"Umeikuta mkononi mwa nani?"

Watu walikwisha kujaa. Muuza nazi, mshona viatu, mafundi wa sokoni na saruji kwenye kope, wanawake wa foleni ya mkate na vikapu vyao vitupu. Kama walikuwa elfu mbili sitashangaa, ingawa mtaa wetu unachukua mia. Elisaria akamgeukia Mzee Nassibu. "Balozi, mwambie huyu mama anyanyuke."

Mzee Nassibu akajikuna kidevu. Alikuwa mtu wa chama, lakini kabla ya chama alikuwa Mzaramo, na alikuwa na watani wake pia, aliowahi kuwakamatia baiskeli. "Ndugu Elisaria, hapa sheria ni moja. Akombolewe."

"Kwa nini? Kwa kitu gani?"

"Hyasinta, unadai nini?"

Nikafikiri kitu ambacho hakipatikani haraka. "Nadai kuku mweupe."

"Mtani," akasema Kuruthumu, na sauti yake ilikuwa na majonzi ya uongo kiasi kwamba nilijivunia kumfundisha, "sina kuku mweupe."

"Basi nami sina haraka."

Hapo ndipo nilipokosea. Katika mtaa mzima uliojaa watu wasio na kuku, nilidai kuku mbele ya muuza kuku. Mzee Nassibu uso ukamchanua, kwa moyo safi kabisa, Mungu amsamehe, akatoka mbio na uzee wake, na kabla sijapata neno la pili amekwisha rudi, anahema, amembana kwapani kuku mweupe kama mchele.

"Huyu hapa! Namkomboa mimi, kwa niaba ya nyumba kumi! Nyanyuka, Hyasinta!"

Watu wakapiga makofi. Kuruthumu akafumba macho. Elisaria akatoa leso akajifuta shingo.

Nikamtazama yule kuku kwa muda mrefu. Nikamwomba Mzee Nassibu amgeuze. Akamgeuza. Nikainua bawa moja.

"Mzee Nassibu, ana miaka mingapi huyu?"

"Kuku? Nitajuaje? Mwaka na nusu!"

"Huyu si mweupe, mzee. Huyu alikuwa mweusi. Hizi ni mvi."

Mtaa uliangua kicheko mpaka fundi mmoja aliyekuwa juu ya kiunzi akadondosha kofia. Hata kuku alitaga. Mzee Nassibu akaapa, akaita mashahidi, akaeleza ukoo wa kuku yule kwa mama na kwa baba. Mimi nikajibu kila shahidi. Kila neno moja la kuku lilikuwa linakula jua. Kivuli cha nyumba ya upande wa pili kikashuka barabarani, kikavuka mtaro, kikaanza kupanda baraza letu.

Pius ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama nyuma ya kamera muda wote huo, anamwangalia Kuruthumu, sio mimi. "Bosi, dakika ishirini za mwanga. Ama tunapiga ukili wake mwenyewe, ama turudi ofisini na mvuvi na mhunzi."

Elisaria akasimama, mikono nyuma. Akaangalia jua. Akamwangalia Kuruthumu, naye Kuruthumu, bila kumwomba, alikuwa amekwisha vuta ukili wake akaanza kusuka. Vidole vyake vikienda havina kelele hata kidogo. Yule kijana alikaa akitazama, zaidi ya alivyokuwa ametaka, nadhani.

"Mama," akasema baadaye, taratibu, "nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Sijui, mwanangu. Ndilo ninalosukia."

 Elisaria alimpigia Pius ishara ya kichwa, na kamera ikaanza kusaga kama cherehani ya Mhindi. Ikasaga mpaka kivuli kilipofika magotini mwa Kuruthumu. Mimi sikunyanyuka mpaka mwisho. Miguu ilikufa ganzi, ikabidi watu watatu waninyanyue, na ule ukili wa ofisi ulikuwa umebaki bapa kama samaki wa kuanikwa.

Sinema tuliiona sisi wenyewe Mnazi Mmoja, baada tu ya magharibi, imetandazwa kwenye shuka jeupe kubwa. Mvuvi alikuja, mhunzi alikuja. Halafu ikaja mikono. Mikubwa, kila kidole kama mgomba, na ukili ule ukilala kushoto, kushoto, kushoto. Mtangazaji akasema kwa sauti nzuri kwamba mama huyu wa Kariakoo, Dar es Salaam, anajitegemea kwa kazi za mikono yake. Jina hakulisema. Sura ilipita kama mtu aliyechungulia dirishani akaondoka. Watu wa Mchikichi tuliokuwa pale tulipiga kelele, "Mama Kinyume! Mama Kinyume!" na Kuruthumu akajifunika kanga mpaka puani.

Kisha gari lile likaondoka Dar, na sisi tukabaki.

Sitakudanganya kwamba ule muda ulikuwa mfupi. Soko likamalizika, wauzaji wakaingia ndani. Masika yakaja, yakaondoka. Kuruthumu alisuka barazani kama kawaida, ila kila lori la ukindu likifika, alinyanyuka yeye mwenyewe kwenda kulipokea, na zamani alikuwa akimtuma mtu. Ukutani, dua ilifika pale pale na kukatika pale pale.

Mwezi wa nane tangu sinema, saa sita ya mchana, Mzee Nassibu akatokea mtaani na mtu nyuma yake. Mtu mzima, ndevu fupi, miguu ina vumbi mpaka magotini, mkononi kapu, na ndani ya kapu kuku. Amezunguka Kariakoo tangu asubuhi, mzee akatwambia. Amekuwa akiuliza: namtafuta mama anayesuka kinyume. Basi, muuza nazi akamnyooshea kidole, mshona viatu akamnyooshea kidole, wote waliomcheka Kuruthumu miaka yote ile wakamnyooshea kidole, mpaka akafika.

Yule mtu akasimama mbele ya baraza. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu," akasema Kuruthumu, bado anasuka. "Unataka mkeka?"

"Mama anakusalimu."

"Mama yupi?"

"Mama yako. Amesema unakaza mno pembeni."

Mikono ya Kuruthumu ikasimama. Mimi niliyekuwa nakuna nazi nikajikuna kidole, na kovu lipo, njoo uone.

"Amesema?" Kuruthumu akauliza. "Amesema mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, na kwa kelele. Dada, mimi Shomari. Gari la sinema lilikuja kwetu kule juu, wakatundika shuka kwenye ukuta wa duka la kijiji. Mama alikuwa mbele kabisa. Ilipokuja ile mikono watu wakaanza kusema, mbona huyu anasuka kinyume? Mama akanyanyuka. Watu wanapiga kelele, kaa chini bibi, unatuzibia! Hakukaa. Akaenda mpaka kwenye shuka, akaweka kiganja chake juu ya vidole vyako. Akasema, huyu ni wangu, na nani amemfundisha kukaza pembeni hivi? Ilibidi yule wa gari airudishe mara tatu. Mara ya tatu kijiji kizima kilikuwa kimesimama." Akapumua. "Na amenituma nikwambie kwamba nimechelewa kuja. Nilisubiri mavuno, halafu lori likakwama Ikwiriri siku mbili. Hilo nimwambie nani, yeye hasikii sababu?"

Kuruthumu hakulia, wala hakuruka. Alimvuta mdogo wake kwa mkono wa shati akamkalisha karibu yake, hakuliachia lile shati. Kwa mkono mwingine akaokota ukili aliokuwa anausuka, akautazama pembeni, akaupinda, akautazama tena. Halafu akaanza kuufumua. Alifumua pima tatu nzima, kazi ya siku mbili, mbele yetu.

Mimi nilichungulia kapuni. "Shomari," nikasema, "huyu kuku wa nani?"

"Wa dada."

"Basi amekamatwa. Dada yako ana deni langu la kuku mweupe tangu mwaka jana."

"Huyo ana madoadoa," akasema Mzee Nassibu.

"Wewe, mzee, kuhusu kuku weupe, huna ushahidi tena katika mtaa huu."

Kuruthumu alicheka kwanza, halafu kicheko kikageuka, kama siku ile ya msiba. Tukamwacha amalize.

Adhuhuri ilipoadhiniwa aliingia chumbani kwake. Mimi nikaingia changu, nikakaa kitandani, na yule kuku mapajani. Nikamsikia anaswali, nikamsikia anamaliza. Akamwombea baba yake rehema. Akamwombea Bushiri rehema. Nikashikilia ule mdomo wa kuku usije ukalia.

"Na mama yangu," akasema Kuruthumu ukutani, "Mungu ampe umri mrefu."

Akaendelea na mengine.